Kipande cha Jirani

Doña Eustolia hakuoka mkate wa Wafalme ili watu wale tu. Aliuoka ili amnase mtu. Kila tarehe sita Januari mkate huo mkubwa wa duara uliwekwa katikati ya meza, umepambwa kwa matunda yaliyokaushwa kwa sukari, na ndani yake, mahali asipopajua yeyote, kulikuwa na kidoli cha kauri cha Mtoto Yesu, kitoto cheupe kisichozidi punje ya haragwe. Atakayekikuta kwenye kipande chake amepata heshima kubwa. Ndiye atakayekuwa mlezi wa ubatizo wa sanamu ya Mtoto Yesu ya nyumba hiyo, amvishe nguo mpya, amkalishe kwenye kiti chake kidogo na kumpeleka kanisani siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Lakini heshima hiyo ina mkia. Siku hiyohiyo mlezi huwalisha watu wote tamali. Ndiyo maana kwenye meza ya Doña Eustolia watu waliopenda mkate kuliko roho zao walikata vipande vyembamba utadhani wamo kwenye mfungo.

Mwaka uliotangulia alinaswa Herlinda, mke wa mwanawe mkubwa, Fermín. Alipika tamali mia na sitini. Alikanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe mpaka mabega yakafa ganzi, akajaza nyama na pilipili, akafunga kila moja kwenye ganda lake la mahindi, akapanga sufuria tatu za mvuke. Wifi yake Yadira alikuja kusaidia, kucha zimepakwa rangi jana yake, na msaada wote aliotoa ulikuwa kuonja. Fermín alisema, "Pole, mke wangu," akaenda zake kwenye bustani yake ya miche. Mvuke ulimuunguza Herlinda mkono wa kulia, likabaki kovu jekundu lenye urefu wa kidole. Akiosha sufuria ya mwisho aliapa kimoyomoyo kwamba yeye, tena, hapana.

Basi mwaka huu ilipofika zamu yake alishika kisu kama anayetegua bomu.

"Kata, mwanangu," Doña Eustolia alimwambia. "Kidoli hakina meno."

"Mwacheni," alidakia Yadira. "Wifi yangu ana mkono wa bahati. Mwaka jana tulikula tukasahau majina yetu."

"Ulikula wewe," alisema Fermín, na wote wakacheka.

Katika kucheka huko kisu cha Herlinda kikagusa kitu kigumu. Akatazama. Kijiguu cheupe kilikuwa kimechungulia kutoka kwenye mkate. Hakuna aliyekiona, maana Yadira alikuwa anamjibu kaka yake kwa mikono yote miwili. Herlinda akakifunika kwa kidole gumba, akakichomoa, akakificha kiganjani.

"Hamna kitu," alisema, akashangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Ngojeni nilete chokoleti."

Jikoni, kando ya birika la chokoleti, palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ni kipande cha jirani. Doña Eustolia alikikata kila mwaka kabla watu hawajakaa mezani, kwa ajili ya Don Nicanor, msuka viti wa nyumba ya pili, ambaye mkewe Amparo alifariki miaka sita iliyopita na kumwacha peke yake na rundo la viti vya watu. Herlinda alifunua kitambaa. Akakigeuza kipande, akakisukumiza kidoli ndani kwa kidole gumba kutokea chini, akaziba tundu kwa vumbi la sukari. Mzee wa watu, alijiambia. Nani atamdai tamali mzee wa watu? Atacheka, atakiweka kwenye rafu, na mambo yataishia hapo.

Sahani aliipeleka mwenyewe. Don Nicanor aliipokea kwa mikono miwili mlangoni.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Hamnisahau."

"Tukusahau vipi, Don Nicanor," alisema Herlinda, na akarudi nyumbani akijiona mwepesi. Wepesi huo ndio uliomtesa zaidi baadaye, kila alipoukumbuka.

Mkate ukaisha. Kidoli hakikuonekana. Ikawa kesi.

"Yadira, kitoe," alisema Fermín.

"Nitoe nini?"

"Umekula vipande viwili bila kutafuna. Umekimeza ili usipike."

"Jamani! Mimi nimeze sanamu ya Mtoto Yesu? Basi nipelekeni hospitali nikapigwe picha ya tumbo!"

"Tutangoja," alisema mumewe Yadira kwa upole. "Kitatoka chenyewe."

Watu wakavunjika mbavu. Herlinda naye alicheka, tena kwa sauti, na kila alipocheka alimwona wifi yake anazidi kuiva uso, machozi yanamlengalenga. Kusingiziwa mbele ya mama yako mzazi si mchezo, hata kama ni kwa utani. Doña Eustolia hakucheka. Alikuwa anaokota makombo kwa ncha ya kidole, moja moja, akiyatazama.

Mlango ukabishwa. Don Nicanor alisimama kizingitini, kofia mkononi, nywele amezilowesha na kuzichana. Alifungua kiganja. Kidoli kilikuwa kimeoshwa.

"Samahani kuwaingilia mezani, Doña Eustolia. Ila... amekuja kwangu."

Yadira aliruka kutoka kitini. "Haya! Ombeni radhi! Wote! Wewe Fermín kwa magoti!"

"Don Nicanor," Fermín alisema akiwa bado anacheka, "usijisumbue, mzee wangu. Huu ni mchezo wetu wa nyumbani tu."

"Mchezo?" Mzee alimtazama kana kwamba hakulielewa neno. "Nani anacheza na Mtoto Yesu? Mimi nimekubali. Tarehe mbili mnakuja kwangu, wote. Mtoto ni wenu wewe na mkeo, mlipewa siku ya harusi, si ndiyo? Basi kuanzia leo mimi ni kompadre wenu, ndugu wa ubatizo." Akamgeukia Herlinda, akainamisha kichwa kwa adabu za zamani. "Komadre."

Herlinda aliitika. Sijui aliitikaje, lakini aliitika.

Walipobaki wawili jikoni, Doña Eustolia akikausha vikombe, alisema bila kumtazama mkwewe, "Kile kipande nilikidunga."

"Ulikidunga, mama?"

"Kwa sindano ya kufumia. Kila mwaka nakidunga kote kote kabla hakijatoka humu ndani. Mtu aliye peke yake humtwishi mzigo wa watu kumi na wanne." Aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha. "Hakikuwamo."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika bure. Herlinda aliyafunga. "Labda sindano ilikipita, mama."

"Labda." Doña Eustolia alitundika kitambaa. "Nguo za Mtoto utashona wewe. Kushona kunampa mtu nafasi ya kufikiri."

Na kweli alifikiri. Alishona kanzu ndogo ya satini nyeupe, akatia lesi shingoni, na kila alipojidunga kidole alijiambia inamstahili. Kwa maana mzee hakuicheka ile bahati wala hakuiweka kwenye rafu. Aliitangaza. Alimwambia muuza chapati za mahindi, alimwambia fundi viatu, alimwambia padri, na padri akamwambia kila mtu. Asubuhi akifagia mbele ya nyumba alipaza sauti juu ya ukuta, "Komadre, umeamkaje?" na mtaa mzima ukasikia, na Herlinda akajibu "Salama, Don Nicanor," akiwahi kuingia ndani. Mzee alikuja kumpima Mtoto Yesu kwa uzi wenye mafundo, kwa sababu namba za rula hakuziona tena. Mgongo, fundo. Mguu, fundo. Aliondoka ameubeba ule uzi kwenye kofia yake usije ukapinda.

Siku moja ya katikati ya Januari Herlinda alipiga moyo konde. Akachukua bakuli la supu ya maharagwe iwe kisingizio, akavuka ua akiwa ameshayapanga maneno. Alimkuta mzee amekaa barazani kwake, amezungukwa na viti vibovu vya wateja ambavyo havijaguswa kwa wiki mbili, na magotini ameshika kiti kingine kisichozidi shubiri, mbao zake zimelainishwa mpaka zinang'aa. Alikuwa anasuka kikalio kwa nyuzi za ukindu alizozichana nyembamba sana. Vidole vilikuwa na damu kwenye kucha.

"Don Nicanor, unajiumiza."

"Nimekifumua mara tatu," alisema kwa furaha. "Kiti cha mtu mzima nakisuka nimefumba macho. Hiki ndicho kimenitoa jasho. Kaa, komadre. Kaa, uone."

Alikaa. Yale maneno aliyoyapanga yalikuwa bado kinywani.

"Nikwambie kitu cha kijinga?" mzee alisema. "Usinicheke. Tangu Amparo aondoke, mmekuwa mnaniletea kipande kila mwaka. Na kila mwaka nakikata vipande vidogo vidogo, natafuta. Mpaka makombo natafuta. Nalala nikijiambia, Nicanor, wewe si mtu wa nyumba ile, kwa nini Mtoto aje kwako? Mwaka unaofuata natafuta tena." Alikaza ukindu kwa meno. "Mwaka huu sikutafuta. Nilisema yatosha, usijiaibishe, mzee. Niliuma tu hivi, nikasikia jino limegonga."

Maneno ya Herlinda yalirudi yalikotoka. Ungesema nini wewe? Kwamba hakuja, alitupwa? Alikaa na bakuli lake mapajani mpaka supu ikapoa.

"Nikupikie mimi zile tamali, Don Nicanor," alisema mwishowe. "Wewe una kazi ya kiti. Mimi nimezoea."

Mzee alicheka, akamnyooshea kidole. "Aa, komadre! Unataka kuninyang'anya Mtoto wangu? Mwaka jana alikuwa wako. Mwaka huu mwachie mwenzako."

"Basi nikufundishe walau. Unga ukishakandwa vizuri, unadondosha kidonge kwenye glasi ya maji. Kikielea, tayari."

"Na sarafu chini ya sufuria najua. Amparo aliiweka. Ikilia, maji yapo. Ikinyamaza, ongeza maji." Aligeuza kile kiti magotini. "Hicho ndicho pekee nilichokuwa nasikia nikiwa hapa barazani. Ile sarafu."

Herlinda alirudi nyumbani akalia juu ya cherehani, akapangusa satini isije ikaingia doa. Mara mbili tena wiki ile alitaka kumwambia Fermín, na mara mbili Fermín alikuwa amechoka, au yeye alijifanya ameona kwamba amechoka. Dhambi yenyewe ilikuwa ndogo, hiyo ndiyo iliyomkera. Angekuwa ameiba angejua pa kuanzia. Lakini kidole gumba na kipande cha mkate, huko unaenda kuungama nini?

Tarehe mbili ikafika na jua kali. Kanisani watu walijaa na Watoto Yesu wao, wengine kwenye mito, wengine kwenye vikapu vya maua. Don Nicanor alivaa suti yake ya harusi, mabega yamelegea ndani yake, akatembea katikati ya kanisa akiwa amebeba kile kiti kidogo mikononi na Mtoto amekaa juu yake kwa kanzu ya satini. Wanawake waligeuka kutazama kikalio. "Nani kakisuka? Wewe? Kwa mkono?" Padri alipowanyunyizia maji ya baraka, tone lilimwangukia mzee kwenye nyusi naye hakulifuta. Herlinda, nyuma yake hatua mbili, aliangalia sakafu misa nzima.

Kutoka hapo wote wakaenda nyumbani kwa Don Nicanor. Watu kumi na wanne. Alikuwa amepanga meza mbili uani, amezitandika, na kuzizungushia kila kiti alichokuwa nacho, vya wateja pia, vyote vimesukwa upya. Uji mtamu wa mahindi ulikuwa tayari. Sufuria la tamali lilikuwa jikoni kwenye moto tangu asubuhi mapema, kabla ya misa, jirani mmoja akimwangalizia.

Watu wakanywa uji. Wakanywa tena. Ikawa adhuhuri.

Jikoni Don Nicanor alichomoa tamali moja, akaifungua. Unga ulishika kwenye ganda, mbichi, umelegea. Akairudisha. Akangoja. Akachomoa nyingine. Vilevile. Herlinda aliyekuja kuchukua vikombe alimkuta mzee anafungua ya tatu. Doña Eustolia alikuja nyuma yake, akainua mfuniko, akanusa, akaurudisha.

"Zimenuna," alisema.

Na hapo hakuna asiyejua maana yake. Tamali zikipikwa penye ugomvi au penye mtu aliyefungia kitu moyoni, zinanuna, zinakataa kuiva, hata ukizichemsha mpaka Pasaka. Fermín husema ni upuuzi, ila Fermín huyohuyo akiwa na hasira hutoka upesi jikoni kwa mama yake, asije akazinunisha.

"Kuna mtu humu ana jambo," alisema Doña Eustolia, macho yake kwenye sufuria.

"Ni mimi," alisema Don Nicanor.

Wanawake wote wawili walimgeukia.

"Ni mimi, Doña Eustolia. Nimejivuna." Alikuwa amevua koti la suti, amebaki na shati lililotoboka kwapani, amelishika lile koti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Mtaa mzima nimepita nikisema Mtoto amenichagua. Muuza chapati nimemwambia mara tatu. Nilijiona mimi ndio mimi. Sasa ameniadhibu mbele ya watu. Ningekaa kimya tu. Mimi ndiye mwenye kosa."

"Si wewe," alisema Herlinda.

"Ni mimi, komadre, najijua."

"Si wewe! Ni mimi." Aliviweka vikombe chini. "Kidoli kilikuwa kwangu. Nilikikuta mimi. Nilikitia kwenye kipande chako, kwa chini, kwa kidole, kwa sababu sikutaka kupika."

Nje Yadira alikuwa anaimba kitu. Ndani ya sufuria sarafu ya Amparo ililia, ta-ta-ta, maji yapo.

"Kwa kidole," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Kwa nini mimi?"

Angeweza kudanganya, na kuna uongo wa huruma uliokuwa karibu kabisa na ulimi wake. Aliuacha. "Kwa sababu nilijua wewe hakuna atakayekudai."

Don Nicanor alikaa juu ya rundo la kuni. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitazama viganja vyake, vile vidole vyenye makovu mapya ya ukindu, akavigeuza, akavitazama upande wa pili.

"Na mimi niseme langu," alisema Doña Eustolia kwa ukali, kama anayemgombeza mtu mwingine. "Miaka yote hii nilikuwa nakidunga kipande chako kwa sindano kabla sijakutumia. Nihakikishe hakimo. Nilidhani nakutendea wema."

"Kwa hiyo," alisema mzee polepole, "ile miaka niliyokuwa natafuta makombo..."

"Hakingeweza kuwamo. La."

Herlinda hakujua kama afadhali abaki au atoke. Alihisi aibu mpaka kwenye nyayo. "Nitatoka niwaambie wote sasa hivi," alisema. "Nitawaambia ni mimi. Halafu nitapika upya, nitapika usiku kucha..."

"Hutamwambia mtu." Don Nicanor alisimama, na sasa hasira ilikuwepo. "Mimi nimembeba Mtoto mbele ya watu. Padri amemnyunyizia maji mikononi mwangu. Wewe ulilianza kwa kidole chako, mwanamke, lakini kulifumua huwezi. Kiti nilikifumua mimi mara tatu na mara ya nne sikukifumua. Mimi ni kompadre wako na wewe ni komadre wangu, hata kama hukutaka."

"Nataka," alisema Herlinda. "Sasa nataka, Don Nicanor."

"Sasa sijakuuliza."

Akachukua kuni tatu nene akazisokomeza motoni. Doña Eustolia akachana ganda la mahindi, akalifunga kwenye masikio ya sufuria mafundo mawili, kama afanyavyo mtu anayetaka kuzibembeleza tamali ziache kununa.

"Kompadre hula kwa komadre wake Jumapili," mzee alisema ghafla, akiwa ameuelekea moto. "Amparo alikuwa na makomadre wanne. Sheria nazijua."

"Ndiyo, Don Nicanor."

"Si kuletewa sahani. Kula."

"Ndiyo."

Saa nane tamali ziliiva. Mwenye kusema ni ule ukweli uliotolewa na aseme, na mwenye kusema ni zile kuni tatu nene na aseme pia. Doña Eustolia hadi leo hakubali kubishana juu ya jambo hilo. Zilikuwa ngumu, chumvi imekaa upande mmoja. Yadira alikula tano, akamwambia mzee zimezidi zile za mwaka jana, akimkonyeza wifi yake kwa utani, na wifi yake akasema kweli zimezidi. Don Nicanor aligawa mwenyewe, meza kwa meza, akipokea pongezi. Mzee alimpa Herlinda mwisho wa wote. Tamali aliyompa haikuwa na nyama ndani hata chembe. Herlinda aliila yote.

Jumapili iliyofuata Herlinda aliamka mapema kuliko jogoo wa jirani. Hakuna aliyemnasa wala kumwomba. Alikanda unga mpaka kidonge kikaelea kwenye glasi, akafunga tamali arobaini, akaweka sarafu chini ya sufuria. Fermín alisimama mlangoni akikuna kichwa.

"Leo kuna nini?"

"Kuna mgeni," alisema Herlinda, halafu akajisahihisha. "Kompadre anakuja."

Fermín alitazama unga, akatazama uso wa mkewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao ya miaka kumi na saba alikunja mikono ya shati, akavuta rundo la maganda, akaanza kufunga. Alifunga vibaya sana. Na hapo kwenye meza ya jikoni, katikati ya maganda, Herlinda akamweleza yote. Aliona amri ya mzee ya kutomwambia mtu haikuwa kwa ajili ya Fermín. Fermín aliacha kufunga kwa muda, kisha akasema, "Mwaka jana nilikuachia peke yako," na akaendelea na ganda lake.

Meza yao ilikuwa na viti sita, na vyote sita vilikuwa vimesukwa na Don Nicanor wakati mmoja au mwingine. Mzee alipobisha mlango, saa sita kamili, alikuwa ameoga na amebeba kiti begani. Hakutoa maelezo. Alikishusha, akakiweka kati ya Doña Eustolia na Yadira, akakaa. Alizungumza na Fermín kuhusu miche ya waridi na wadudu wake. Alimtania Yadira kuhusu kucha. Kwa Herlinda alisema neno moja tu mlo mzima, nalo lilikuwa "Chumvi," na Herlinda alimsogezea chumvi kwa mkono wenye kovu. Mzee alilitazama lile kovu kwa muda, kisha akachukua chumvi. Alikula tamali nne.

Alipomaliza alishukuru, akavaa kofia, akaondoka. Herlinda alipoanza kuondoa sahani ndipo alipoona. Akakimbia mpaka barazani.

"Don Nicanor! Umesahau kiti chako!"

"Sijasahau," alisema mzee bila kugeuka, akaendelea kutembea.

Herlinda alirudi ndani. Alisimama kando ya kile kiti kwa muda, kisha akavisogeza vile vingine sita, kimoja huku, kimoja kule, upana wa kiganja tu, akakisukuma cha saba mezani. Kikaingia bila kubanwa na chochote. Kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mzee, hilo ndilo lililomliza.